Mbolea ya bustani ndani ya tangi la samaki: nilivyoikosea, kisha nikaipatia

Saa tano za usiku mtoto wa kaka yangu alinigongea mlango. "Ami, njoo uone, samaki wote wako juu wanavuta hewa."

Nikatoka na kikoi kiunoni. Gapi 11 walikuwa wamejipanga juu ya maji, midomo ikifunguka na kufumba, matamvua mekundu kama yamechubuliwa. Kosa lilikuwa langu, na nililifanya asubuhi ile ile.

Tangi langu liko sebuleni, huku Kisauni, pwani, lita kama 90 juu ya mchanga. Mimea ilikuwa imedorora: Cryptocoryne majani manjano, Echinodorus imegoma kutoa jani jipya. Mchanga mtupu hauna chakula, na vidonge vya mbolea vya matangi bei yake inakata hamu. Nikanunua dukani mbolea ya punje, ile ya maua ya vyungu, 15-9-12 (ndizo asilimia za naitrojeni, fosfeti na potashi), pakiti imeandikwa inakaa miezi mitano hadi sita. Kila punje ni chumvi za mbolea zilizovishwa ganda jembamba. Maji hupenya ndani, chumvi huyeyuka, kisha hutoka kidogo kidogo. Nikamwaga konzi nzima, nikafunika kwa mchanga wa vidole viwili, nikajiona fundi.

Wiki tatu mimea ilinawiri. Ndipo asubuhi hiyo nikaamua kuihamisha Echinodorus. Niliivuta tu, mizizi ikainuka na punje zake, zikatapakaa tangi zima, nyingine zimepasuka. Nikaokota nilizoziona, nikaenda zangu kazini.

Sehemu ya naitrojeni ya mbolea hii ni amonia iliyo ndani ya chumvi. Kwenye maji yenye asidi haina makali sana. Lakini sisi tumekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vya huku ni magumu, pH yake (kipimo cha asidi: ikiwa chini ya 7 ni asidi) imepita 8. Kila pH inapopanda namba moja, ile sehemu ya amonia yenye sumu huongezeka karibu mara kumi, na joto nalo huizidisha. Maji yangu siku ile yalikuwa nyuzi 30.

Dawa ni kubadili maji upesi, lakini usiku ule mwenye mkokoteni wa maji alikuwa amelala zamani. Jikoni palikuwa na mitungi minne. "Shemeji, hayo ndiyo maji ya chai ya asubuhi," mke wa kaka akanionya. Nikayatumia yote, kata baada ya kata, nusu ya tangi mara mbili hadi adhana ya alfajiri. Walibaki watano.

Sikuiacha mbolea, kwa sababu mimea ilishanionyesha inaipenda. Nilibadilisha namna ya kuitia. Kwanza nilijaribu kugandisha punje kwenye barafu ili nizichomeke mchangani. Kwa joto la hapa barafu iliyeyuka kabla sijafika chini. Nikamwomba mama mmoja anayefinyanga vyetezo udongo kidogo, nikaviringa vitonge vya ukubwa wa kunazi, kila kimoja punje sita ndani, nikavianika juani juu ya ungo. Shemeji akapita. "Kaimati gani hizo?"

Mchanga nao niliuongeza ukafika sentimita 6. Si mchanga wa pwani, huo umejaa vipande vya makombe vinavyoweza kuzidisha ugumu na pH ya maji. Uudondoshee siki uone unavyotoa povu. Kila kitonge nakisukuma kwa kibano mpaka kiguse kioo cha chini, shubiri moja kati ya kimoja na kingine, na ni chini ya ile mimea inayokula zaidi kwa mizizi. Anubias nimeifunga kwenye gogo, haina haja ya kitonge.

Mwezi wa nne tangu nitie vitonge, majani yakaanza kuwa manjano tena, nikadhani ni ugonjwa. Nikachimbua kitonge kimoja. Mizizi myeupe ilikuwa imekizinga pande zote, na punje zilikuwa mviringo vile vile kama mpya. Nikaiminya moja kwa kucha: tone la maji, likabaki ganda. Nikarudi kwenye pakiti, nikasoma maandishi madogo. Ile miezi mitano, sita, imehesabiwa kwa nyuzi 21; joto likizidi, punje hutoa chakula haraka na kuisha mapema. Hapa hata wakati wa kipupwe tangi halishuki huko, na kaskazi ikivuma ndiyo usiseme. Kwa hiyo sasa natia vitonge nusu ya vile vya mwanzo, na narudia kila baada ya miezi mitatu.

Nikitaka kung'oa mmea, nakata kwanza mizizi kwa mkasi, mkono wa pili nimeshika mpira wa kunyonya maji. Punje yoyote ikichomoza inaishia ndooni. Ndoo hiyo hupelekwa kwenye asumini za shemeji, ambaye mpaka leo ananidai mitungi minne.