Pesa za Mabati

Jana asubuhi mwanangu wa pili aliniuliza kwa nini kila siku, kabla hatujatoka, hukanyaga breki na kukaa nayo kidogo, hata tukiwa tumeshachelewa skuli. Nikamwambia naipima. Akauliza napima nini, na mimi nikaanza kueleza, lakini tulikuwa tushafika Amani, hapa mjini Unguja, honi zinapigwa nyuma yetu, na maneno yakakatika hapo. Usiku mzima mawazo yangu yalikuwa Mkoani, kule Pemba.

Mteremko wa Mkoani mnaujua, ule unaoshuka mpaka bandarini. Landrova ya baba ilikuwa ile fupi, inchi 88 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, breki za dramu, bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu, magurudumu yote manne, dramu za inchi 10 na upana wa inchi moja na nusu tu. Kwa gari tupu zilitosha. Lakini baba alikuwa akilipakia magunia ya karafuu kutoka Kengeja, na juu ya magunia watu, na pembeni mwa watu kuku na ndizi za mtu. Halafu zikaja mvua za El Niño, za mwisho wa 1997 na mwanzo wa 1998. Barabara ikawa tope, tope likaingia ndani ya dramu, na kila asubuhi breki za kwanza zilikuwa hazishiki mpaka zikanyagwe mara kadhaa zikauke.

Siku ya mkasa wenyewe breki zilikuwa kavu, na ndiyo siku zilipokataa. Tulikuwa tushateremka sana. Dramu ikipata moto hutanuka, ikawa mbali na breki shuu, zile pande za chuma zinazoibana kwa ndani, na pedali ikahitaji kwenda chini zaidi ili ikute kitu. Na mafuta ya breki yaliyokaa miaka huwa yamekunywa maji ya hewani. Visiwani hewa yetu nayo mnaijua. Mafuta mapya ya breki ya aina ya DOT 3 huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanywa maji yanaweza kuchemka kwenye 140. Haya nimeyajua baadaye. Siku ile nilichojua ni kwamba baba alikanyaga, na mguu wake ukaenda mpaka sakafuni.

Akarudisha gia, akarudisha tena. Akavuta hendibreki, ambayo kwa Landrova zile haishiki magurudumu, hushika shafti nyuma ya gia boksi, na gari zima likatikisika kama linataka kukatika vipande. Akalisogeza kwenye ukingo wa udongo, likasugua, likasimama. Hakuumia mtu. Kuku mmoja alikimbia na hakuonekana tena. Baba alishuka, akaenda kukaa chini ya mwembe, akavua kofia akaiweka gotini. Watu wakamwambia, "Alhamdulillahi, bwana, Mungu mkubwa." Akaitikia kwa kichwa tu.

Ami yangu, mdogo wake baba, ndiye fundi. Alikuwa akifanyia kazi chini ya mti wa mkungu karibu na nyumba, spana zake kwenye kikapu. Alifungua magurudumu yote, akavitandaza vitu juu ya gunia, akakaa navyo mpaka adhuhuri. Kisha akasema, "Kaka, hizi hata nikizitia kila kitu kipya, zitabaki ndogo. Gari halikuundiwa mzigo huu."

Dawa aliijua. Landrova ndefu, ile 109, ilitoka kiwandani na breki kubwa zaidi: dramu za inchi 11, breki shuu pana za inchi mbili na robo, na mbele kila gurudumu lina silinda mbili. Kila silinda yasukuma breki shuu yake, na zote mbili zinashika kwa upande ambao dramu inazungukia, kwa hiyo dramu yenyewe inazivuta zizidi kubana. Za mbele zinaingia kwenye ekseli ya gari fupi bila ya kuchomelea kitu. Na Chake kulikuwa na 109 iliyokufa, imelala nyuma ya nyumba ya mtu, mpapai umeota pale palipokuwa na injini.

Pesa ndiyo haikuwepo. Bei ya karafuu miaka ile ilikuwa chini, na alichopata baba kwa kubebea kiliishia kwenye petroli na kwenye matumbo yetu. Iliyokuwepo nyumbani ni ya mama. Alikuwa amepokea upatu wake, na ule upatu ulishapangiwa kazi tangu mvua hazijakatika: mabati. Makuti yetu yalikuwa yameoza. Usiku wa mvua tulikuwa tunahamisha mikeka kutoka pembe moja hadi nyingine.

Walizungumza barazani, mimi nikiwa mlangoni. Baba hakuomba. Ami alitaja tu kinachohitajika, akitazama chini. Mama aliuliza, "Jumla kiasi gani?" Akaambiwa. Akaingia ndani, akarudi na kibweta, akazimimina pesa juu ya mkeka. "Shemeji, zihesabu weye."

Hazikutosha kununua kila kitu kipya, wala nusu yake. Hapo ndipo nilipoona ufundi wa ami, kabla hajashika hata spana. Aligawa mambo mawili: chuma na mpira. Chuma kikuukuu kinafaa kikiwa hakijapasuka wala kulika mno, kwa hiyo dramu, bamba za nyuma yake, breki shuu zenyewe na masta silinda, ile inayosukuma mafuta pedali ikikanyagwa, vitoke kwenye ile maiti ya Chake. Masta ilikuwa lazima, kwa sababu silinda nne mbele zinataka mafuta mengi kuliko mbili, na masta ndogo ingempa baba pedali ya kuzama. Hivyo vyote alivipata kwa pesa kidogo na beberu mmoja. Lakini mipira ya ndani ya silinda, hosi na mafuta, hapo hakukubali kitu cha mtu. Alisema, "Mpira mkuukuu haukwambii siku yake." Vikaagizwa Tanga, vikaja Wete kwa jahazi, vimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni na jina la baba juu yake.

Wako waliomshauri aongezee mafuta ya injini kwenye chupa ya breki, ati yote mafuta. Ami alikasirika kweli. Mafuta ya injini yakiingia kwenye breki hizi, mipira huvimba na kulegea, na ukishaona hivyo umeshaharibu mfumo mzima, kuanzia masta mpaka gurudumu la mwisho. Nimekutana na mtu mwaka huu hapa Unguja ambaye bado anafanya hivyo, na nilimshika mkono.

Lainingi, vile vipande vigumu juu ya breki shuu vinavyosugua dramu, aliziribiti mwenyewe. Alinunua lainingi mpya bila breki shuu, akang'oa zile kuukuu, akatoboa, akapiga ribiti za shaba moja moja, na kila ribiti akahakikisha kichwa chake kimezama chini ya uso, kisije kikachora dramu. Vumbi la lainingi za zamani aliliosha kwa maji. Alitukataza kulipuliza, kwa kuwa lainingi za wakati ule zilikuwa na asbestosi. Dramu zilikerezwa kidogo kuondoa ukingo wa kutu. Kidogo tu, maana dramu nyembamba hupata moto upesi.

Siku ya kufunga ilikwenda haraka, sikumbuki mengi. Ninachokikumbuka ni jioni, ilipobaki kutoa upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye mabomba ya breki.

Kutoa upepo kunataka watu wawili, mmoja chini na mmoja kwenye pedali, na baba alikuwa hajarudi msikitini. Ami akanitazama. "Panda weye."

Miguu yangu haikufika vizuri. Nilikaa kwenye ncha ya kiti, nimeushika usukani kwa mikono miwili, mguu peku juu ya pedali. Mpira wa pedali ulishatoka zamani, chuma kilikuwa baridi na kina michoro iliyoniingia unyayoni. Ami alianza na gurudumu la nyuma la kushoto, lililo mbali kuliko yote na masta. Akavalisha kibomba cheupe cha mpira kwenye skrubu ya kutolea upepo, ncha ya pili akaizamisha kwenye chupa ya soda yenye mafuta ya breki kidogo.

"Kanyaga. Achia. Kanyaga. Achia. Kanyaga, shika!"

Nikashika. Nikasikia spana ikigeuka, na pedali ikazama yenyewe chini ya mguu wangu, polepole, mpaka mwisho.

"Usiachie! Usiachie!" Spana ikarudi. "Haya, achia."

Ningeachia skrubu ikiwa wazi, hewa ingerudi ndani na kazi ingeanza upya. Alinieleza hivyo mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama anavyomwambia fundi mwenzake, na mimi nikajiona mkubwa sana.

Giza likaingia. Mama akatoka na chemli. Alikuwa hakukanyaga pale chini ya mkungu siku zote za kazi ile, chakula alikuwa akituma. Akaja akainama karibu na gurudumu, akaisogeza taa kwenye chupa. Mafuta yakatoka meusi, na ndani yake vipovu, vikubwa kwanza, kisha vidogo vidogo, vikipanda upande wa chupa na kupasuka.

"Hivyo ndivyo vilivyotaka kuniulia watu?" akauliza.

"Ndivyo, shemeji. Mafuta hayabonyei. Hewa yabonyea. Mguu unabonyeza hewa, gurudumu halipati kitu."

Hakujibu. Aliishika taa gurudumu hilo, na la pili, na tulipohamia mbele akahama nasi. Mbele ndiko kulikotutesa. Silinda mbili, moja juu moja chini, na hewa hukimbilia ya juu ikajificha. Tulikanyaga, tulishika, tuliachia, vipovu vikaisha, na pedali bado laini. Ami akakaa kitako akawaza. Kisha akachukua spana, akazikaza kamu za kurekebishia, zilizo nyuma ya bamba, mpaka breki shuu zikaibana dramu kabisa na gurudumu lisizunguke. Breki shuu hazikuwa tena na pa kusogea. Tukarudia. Vikatoka vipovu vingine ambavyo sote tulidhani havipo, mlolongo mrefu, na mama akasema "Eee!" kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo.

Mafuta yaliyomwagika juu ya bodi ami aliyaosha hapohapo kwa ndoo ya maji, kwani hubabua rangi. Akaziregeza kamu mpaka gurudumu likazunguka huru. Kisha akaniambia nikanyage kwa mara ya mwisho.

Mguu ulikwenda kidogo ukasimama. Pedali ilinikatalia. Nikaongeza uzito wangu wote, nikainuka kutoka kwenye kiti, na haikwenda popote.

"Kaa nayo," ami akasema. "Ikizama polepole ilhali umeibana, masta inavuja kwa ndani, na hutoiona kwa macho. Kaa nayo, mwanangu."

Nikakaa nayo. Mama alikuwa ameinua chemli kunimulika usoni. Haikuzama.

Yaliyobaki ni machache. Baba alilizoesha gari barabara ya tambarare kwanza, akikanyaga kwa upole ili lainingi mpya zikae vizuri kwenye dramu. Akapakia. Akateremka Mkoani, ami pembeni yake, mimi juu ya magunia nimeshikilia kamba, na likafika bandarini. Akateremka tena kesho yake na msimu wote, na misimu iliyofuata. Hakikutokea kitu.

Hapo ndipo ninapokwama kila nikiisimulia hadithi hii. Nataka kusema zile pesa zilituokoa. Lakini siwezi kumwonesha mtu ajali ambayo haikuwepo. Makuti yaliyovuja niliyaona. Mvua za vuli zilitukuta bila mabati, tukatega ndoo na sufuria, na mdogo wangu akapata kikohozi kilichokaa naye muda mrefu. Jirani aliyekuwa kwenye upatu huohuo aliezeka, na nyumba yake iling'aa mpaka barabarani. Mabati yetu yalikuja baadaye sana, nusu kwanza, nusu tena.

Baba alipoliuza gari, mnunuzi alipiga bei turubai, akapiga bei matairi, akakwaruza rangi kwa kucha. Pedali ya breki aliikanyaga mara moja, ikamsimamia, akashuka. Hakuongeza hata shilingi. Ami alikuwepo, akafungua mdomo aseme mipira ile ilitoka wapi na nani aliilipia. Baba akamgusa bega, ami akanyamaza.

Baba alifariki kitandani kwake, mtu mzima. Idi iliyopita nilikwenda Pemba nikakaa na mama barazani, tukichambua mchele, nikamuuliza kama aliwahi kujutia pesa zake. Alichambua kidogo kwanza.

"Siku za mvua nilijuta," akasema. "Siku baba yako akichelewa kurudi, sikujuta."

Nikamuuliza zipi zilikuwa nyingi. Akasema hakuwa akizihesabu, na akanisogezea ungo wa pili.