Rola kosta ya zamani Gardaland, na lile swali la mkanda

Tangu nirudi Malindi kila mtu nikimwonyesha zile video za rola kosta, ile treni ya michezo inayokimbia kwa reli na kukupindua, swali lake ni moja, na aloanza ni mamangu: sa huo mkanda ukikatika mkiwa vichwa chini? Nimejibu barazani, nimejibu kwa WhatsApp, nimejibu ndani ya tuktuk dereva amegeuka kuangalia simu yangu badala ya barabara, kwa hivo naandika yote hapa, mtu akiuliza tena namtumia linki asome.

Sisi watu wa Malindi Italia si mbali, kila mtaa una mtu ameolewa huko ama anafanya kazi huko, na mie dadangu wa mama mdogo yuko upande wa Verona miaka na miaka. Ndo akatupeleka Gardaland, pale Castelnuovo del Garda karibu na ziwa, bustani ya michezo ilofunguliwa 1975. Watoto wakishaingia tu mbio ni kwa rola kosta mpya, Raptor ya 2011 na Oblivion ya 2015, na ni nzuri mashallah sikatai, lakini ilonishika moyo ni mzee wao, Shaman. Hii ilijengwa 1985 na Vekoma, kampuni ya Uholanzi, na ikiitwa Magic Mountain mpaka 2017 ndo wakaibadilisha jina. Inakupindua mara nne, vitanzi viwili vya wima alafu misokoto miwili.

Kina dada wenzangu, mtandio mrefu wa kutupia begani uacheni kwa begi. Mie nlivaa ule wa kushonwa wa kuvuta tu kichwani, bila hata pini moja, na chini suruali. Tukakaa wawili wawili, chuma kikashuka mabegani (ndo huo wanaouita mkanda), kijana wa kazi akapita akivuta kimoja kimoja, changu akakisukuma tena mpaka kikakaza. Mtoto wa dadangu akanambia, "Khalati, kichwa nyuma, kiegemeze kabisa." Shikeni hilo neno lake, manake hizi treni za zamani chuma kimepita pande zote mbili za kichwa na ukilegeza shingo ni masikio yatakayopigwa.

Bas mnyororo ukatushika tukaanza kupanda, tak tak tak tak, na huo mlio watu wengi wanaogopa, wanafikiri kitu kinakatika, kumbe ndo usalama wenyewe, ni vyuma vinavyonasa kwenye meno ya reli kila hatua ili hata mnyororo ukikatika treni isirudi nyuma. Kule juu mnyororo unakuacha na kuanzia hapo hakuna injini inayokuvuta, ni uzito na mteremko tu mpaka mwisho. Tukashuka, tukakata kona, alafu kitanzi kikaja usoni na nikahisi mashavu yanavutwa chini na mikono imekuwa mizito, nikitaka kuinua kidole hakiji. Tukafika juu kabisa na ghafla nimekuwa mwepesi, naona miti na watu wako upande wa utosi, na bado makalio yangu yako kwa kiti, sining'inii! Kabla sijamaliza kushangaa tuko cha pili.

Sasa ndo jibu lenyewe. Sie tulochota maji visimani utotoni tulikua tukichukua ndoo ina maji tunaizungusha kwa mkono mpaka juu ya kichwa na hata tone halimwagiki, bora usipunguze kasi. Na treni ni hivo hivo. Mwili wako unataka kwenda moja kwa moja, reli inaukunja, kwa hivo kile kiti ndo kinakusukuma wewe ndani ya duara, na kasi ikitosha ukifika juu unakaa kitini mwenyewe. Chuma cha mabegani ni cha ile mitikisiko, na cha siku treni ikipungua kasi ama ikisimama pabaya. Na treni nayo haiwezi kuchomoka, ina magurudumu juu ya reli, mengine ubavuni, mengine chini yake, imeikumbatia pande zote.

Lakini kitanzi chenyewe lazima kichorwe sawa, na hapa ndo nawaheshimu sana walioumiza vichwa kabla yetu. Kule Coney Island, Marekani, mwaka wa 1895 walikua na rola kosta moja yaitwa Flip Flap, kitanzi chake duara kamili, na watu wakishuka na shingo zinauma, manake treni ikiingia kwa kasi chini pale uzito unakuangukia wote kwa mpigo. Ikachukua mpaka 1976 ndo mtengenezaji wa rola kosta Anton Schwarzkopf na injinia Werner Stengel, Wajerumani, wakafungua Revolution kule California (na bustani yenyewe, angalia mambo, inaitwa Magic Mountain), kitanzi chake chini kimetanuka juu kimebana. Chini una kasi kubwa kwa hivo unakunjwa polepole, juu kasi imepungua kwa hivo unakunjwa haraka usije ukaning'inia. Ukisimama pale nje ya Shaman uangalie vile vitanzi kwa makini utaliona hilo umbo kwa macho yako.

Ndo naposema mkienda msiipite eti ya kizee. Zile mpya zinakuzungusha huku na huku hata hujui nini kimetokea, hii kila kitu unakisikia na unakiona kinakuja.

Ukitaka kuona vizuri kaa mbele. Mie napenda nyuma, manake behewa la mbele likishavuka kilele la nyuma linavutwa kwa nguvu kabla hata halijafika mteremkoni, na nendeni mchana jua likishapanda, grisi ya magurudumu ikipata moto treni inakimbia kuliko asubuhi.