Ngano Iliyojificha Jikoni Kikwajuni

Vipele vilirudi katikati ya Ramadhani. Bi mkubwa yule wa Kikwajuni, mjini Unguja, alikuwa ameacha ngano tangu mwaka uliotangulia, ngozi imetulia, daktari ameshaanza kumpunguzia dapsoni, kile kidonge cha kuzima muwasho. Mara viwiko na makalio vikaanza kuwasha tena: vilengelenge vidogo vinavyotoka kwa makundi, kulia na kushoto sawasawa, na ambavyo ni nadra kuviona vizima kwa sababu mgonjwa huwa ameshavikuna. Mwanawe alinipigia simu mie, mshauri wake wa lishe, akitaka miadi ya kliniki. Nikamwambia kliniki haina la kutuonyesha. Nilitaka kuliona jiko, tena saa ya kupika futari, wakati kila chombo kiko kazini.

Ugonjwa wenyewe unaitwa dematitisi hepetifomisi. Kwetu ni nadra, na kwa kuwa ni nadra huchanganywa na upele ule wa kuambukizana. Bi mkubwa alishapakwa BBE, dawa ya upele huo, nyumba nzima ikapakwa, mashuka yakachemshwa. Lakini upele hupenda katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono, na anayelala nawe naye hujikuna. Ugonjwa huu hukaa viwikoni, magotini, makalioni, mabegani na kichwani, na wengine nyumbani hawawashwi hata kidogo. Uligunduliwa Muscat, alikokwenda kukaa kwa dada yake. Walimkata kipande kidogo cha ngozi nzima pembeni ya kipele, si kipele chenyewe, wakakipima kwa mwanga maalumu unaoonyesha kingamwili (askari wa kinga ya mwili) za aina ya IgA zilivyotua chini ya tabaka la juu la ngozi. Kipande hicho kikitiwa kwenye fomalini kama vipande vingine vya maabara, hizo IgA hazionekani tena na jibu linakuja kuwa hakuna kitu. Na kipimo cha damu lazima kifanywe mgonjwa angali anakula ngano. Akiacha kwanza, kingamwili za kwenye damu hushuka, kipimo kikadanganya.

Mkaza mwana wake, ndiye mwenye jiko, alinipokea na swali ambalo pengine alikuwa nalo siku nyingi. "Mie nifahamishe. Ngano inaingia tumboni. Kiwiko kinahusika nini?"

Kinahusika hivi. Ndani ya ngano, shayiri na shayiri nyeusi (rai) mna protini iitwayo gluteni. Kwa mtu aliyezaliwa na maumbile ya kuikataa, kinga ya mwili huishambulia kama adui, na katika vita hivyo ukuta wa utumbo mwembamba huumia: vile vinyoya vidogo vinavyofyonza chakula hunyauka na kulala. Kingamwili zinazotengenezwa huko husafiri na damu, nyingine zikaenda kutua kwenye ngozi. Louis Duhring aliueleza ugonjwa huu wa ngozi huko Philadelphia mwaka 1884, lakini ilichukua mpaka miaka ya 1960 madaktari kutambua kwamba utumbo wa wagonjwa hao nao ni mbovu. Sababu ya kuchelewa ni kwamba wengi wao hawaharishi wala hawaumwi na tumbo. Bi mkubwa mwenyewe alikuwa akiapa tumbo lake zima kama la kijana, na huku vipimo vya damu vimeonyesha madini ya chuma yako chini.

Dapsoni, dawa ileile ya ukoma, huzima muwasho ndani ya siku chache, na ndiyo maana watu huiamini kuliko chakula. Haigusi utumbo. Tena kwa watu wa pwani, ambako upungufu wa kimeng'enya cha G6PD si jambo la ajabu, kipimo chake hutangulia kidonge cha kwanza, maana dapsoni huvunja chembe nyekundu za damu, na kwa mwenye upungufu huo huzivunja kwa fujo. Chakula ndicho kinachotibu shina, ila kwa mwendo wa kobe: miezi, na kwa wengine hadi miaka 2, kabla kidonge hakijaachwa. Wapo wanaotangaza vyakula vya kusafisha utumbo kwa kila ugonjwa wa ngozi, kuanzia ukurutu hadi mba. Sikubaliani nao, na mtoto mwenye ukurutu asinyimwe mayai na maziwa kwa kubahatisha. Lakini kwa huu mmoja, sahani ndiyo dawa yenyewe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kunipekua?"

"Nimekuja kuwapekua hao wanaokupikia."

Akacheka, lakini mkaza mwana hakucheka. Na haki yake. Ukimwambia mpishi kuwa chakula chake kinamrudishia mtu ugonjwa, ni kama umemtuhumu kumlisha sumu mama mkwe. Kwa hiyo tulianza na yaliyo salama, na yalikuwa mengi. Muhogo wa nazi, ndizi mbichi, majimbi, viazi vitamu, samaki wa kukaanga, mchuzi wa kunde: vyakula hivi vya futari ya pwani havina ngano ndani yake. Mgonjwa wa Ulaya hununua mkate maalumu kwa bei ya juu. Wa Kikwajuni anachohitaji kiko sokoni Darajani kila siku. Wanga wa bibi ulikuwa umejaa mchele mweupe mno, choo kigumu, nikashauri mtama na ulezi uingie kwenye uji, kunde na choroko ziongezwe, na dagaa, maini na mchicha vije mara kwa mara kwa ajili ya ile damu. Mchicha uliwe na ndimu. Ukali wa ndimu husaidia chuma kufyonzwa. Chai isubiri kama saa moja baada ya chakula.

Kisha karai likatiwa mafuta.

Za kwanza kukaangwa zilikuwa kaimati, za unga wa ngano. Mkaza mwana alichovya mkono kwenye unga ulioumuka, akaminya, kidonge kikachomoza kati ya kidole gumba na cha shahada, kikadondoka mafutani, kingine kikafuata, upesi hata jicho halihesabu. Alipoziopoa, vikabaki vipande vidogo vikielea, vimeungua. Akavichuja. Akatia bajia za kunde, za bibi, ambazo ndani yake mna kunde, kitunguu thomu, pilipili na chumvi tu. Mafuta ni yaleyale.

"Si nimechuja?" alisema alipoona naangalia.

Kuchuja huondoa kinachoonekana. Kilichomumunyuka na kilichosagika hubaki, na moto haukisaidii kitu. Gluteni si mdudu, haifi kwa kuchemka. Dawa yake ni kupanga: bajia zitangulie kwenye mafuta mapya, kaimati zifuate, na mafuta yakishapita kaimati yasirudi kwa bibi abadani. Mafuta ni ghali, najua, na kwa mpango huu hayaongezeki hata tone.

Tukaenda kwenye chekeche. Lilikuwa moja, la plastiki, na lilichekecha unga wa chapati asubuhi, unga wa mchele alasiri. Kwenye ukingo, pale wavu unapoingia kwenye duara, kulikuwa na utando mweupe ulioshikana ambao ukucha wangu uliubandua kama ganda. Chekeche halioshwi likatakata. Hununuliwa la pili. Vivyo hivyo mwiko wa mti, kibao cha chapati na chuma cha vitumbua, kwa sababu chuma kilichozoea mafuta hakisuguliwi mpaka kikang'aa bila kuharibika. Sufuria na sahani za bati au kioo hazina neno, sabuni na maji yanatosha. Mkaza mwana alitoa uzi mwekundu kwenye kikapu cha kushonea, akafunga mipini ya vitakavyokuwa vya bibi, na hapo ndipo nilipoona hasira imemtoka. Blenda ikabaki ya nyumba nzima kwa sharti kwamba ngano haiingii humo, na ule mpira wa chini ya kisu utolewe na kuoshwa peke yake.

Unga wa mchele wenyewe ulitoka mashine ya kusaga ya mtaani. Mashine hiyo husaga kila kinacholetwa, ngano ikiwamo, na kilo moja au mbili za mwanzo hubeba mabaki ya aliyetangulia. Kumwomba msagaji apitishe kilo 2 za mchele kwanza na kuzitoa sadaka hupunguza, haiondoi. Mchele wa punje, uliochaguliwa, ukaoshwa, ukasagwa nyumbani, ndio wa kuaminika.

Haya yote, hata hivyo, yalikuwa mabaki na vumbi. Nilikuwa bado natafuta kitu kikubwa zaidi, kwa sababu vipele vile vilikuwa vingi. Nikamuuliza bibi anafuturu na nini akitoka msikitini, au akienda kwa jirani.

"Vitumbua vya jirani. Vya mchele, mwanangu, mchele mtupu. Na urojo kidogo."

Mkaza mwana akamkodolea macho. Urojo haukuwamo kwenye orodha yake.

Urojo ni embe, ndimu na manjano, kweli. Lakini kinachoufanya uwe urojo, mzito wa kushika bajia na kachori, ni unga wa ngano. Kibakuli kimoja kikiwa na kijiko kimoja tu cha unga, yaani gramu 8 hivi, kina gluteni isiyopungua nusu gramu. Utumbo wa wagonjwa wengi huvumilia kama miligramu 10 kwa siku. Miligramu 50 kila siku kwa miezi michache zinatosha kuuumiza ukuta wake. Kibakuli cha urojo ni mara 10 ya hizo 50, na bibi alikuwa anakipata kila magharibi. Nyumbani unapikika bila shida: rojo lishikishwe kwa unga wa mchele au wa dengu uliosagwa nyumbani, ukorogwe kwanza kwenye maji baridi ili usifanye madonge.

Vitumbua vilikuwa na hila yake. Tulimtuma mtoto akaulize, jirani akajibu bila kuficha kwamba hutia vijiko viwili vya ngano "vishikane". Piga hesabu: gramu 16 za unga zina gluteni kama gramu moja na robo, zikigawanywa kwa vitumbua 30, kila kimoja kina miligramu 40. Vitumbua vitatu vya kuteremshia chai, na umevuka ule mpaka wa miligramu 10 mara 12.

Ngano pale haina kazi ambayo mchele hauwezi. Loweka vikombe 2 vya mchele usiku kucha, uchuje maji. Tia kwenye blenda pamoja na kikombe kimoja na nusu cha tui zito, sukari nusu kikombe, hamira kijiko cha chai, hiliki, na konzi moja ya wali uliopikwa ukapoa. Huo wali ndio unaoshikisha. Saga mpaka ukiuchezea kati ya vidole usisikie chenga. Chenga zikibaki, kitumbua hupasuka katikati na kunywa mafuta. Uache uumuke hadi povu lipande, usiukoroge tena kwa nguvu, maana utaua povu na vitumbua vitalala. Chuma kiwe cha moto kabla ya kumimina, moto upunguzwe mara tu ukishamimina. Vikichomeka nje na ndani vikabaki unga, moto ulikuwa mkali.

Kulikuwa na kitu kingine juu ya kabati: chupa ya unga wa mwani, zawadi ya shoga yake wa Paje, anayoinywa kwenye maji "kwa ajili ya ngozi". Mwani una iodini, na iodini nyingi huchochea vipele hivihivi, hata kwa asiyegusa ngano. Chumvi ya kawaida yenye iodini aendelee nayo. Mwani apumzike nao mpaka ngozi itulie. Bibi hakulifurahia hilo. Mwani wa shoga yake ulimuuma kuliko urojo.

Kabla ya adhana, mkaza mwana aliuliza kama wampe dapsoni zaidi usiku ule. Hapana. Kipimo cha dawa hiyo hupandishwa na daktari peke yake, baada ya kuangalia damu, na midomo ikibadilika rangi kuwa ya buluu au pumzi ikawa fupi ni hospitali moja kwa moja. Nikamwandikia daktari tuliyoyakuta, na kwamba muwasho usitarajiwe kuisha kesho. IgA zilizokwisha kutua kwenye ngozi huchukua miezi mingi kuondoka, wakati mwingine miaka, hata ngano ikikoma leo.

"Na Idd je?" bibi akauliza. "Bokoboko langu?"

Bokoboko ni ngano ya punje na nyama, haina njia ya kuokolewa. Lakini yeye amekaa Muscat, na Waomani wana arsiya: mchele laini na kuku, vinachemshwa pamoja mpaka kuku anajitenga na mifupa, mifupa inatolewa, vinapondwa kwa mwiko mpaka vishikane, samli juu. Kiungo cha kuangalia ni bizari tu, asinunue iliyosagwa ya kupima, anunue ya punje asage mwenyewe.

Bibi akafikiri. "Arsiya naijua. Dada yangu anaipika." Akamgeukia mkaza mwana. "Sasa mwiko wa kupondea uwe ule wenye uzi."

"Mama, huo wenye uzi ni mdogo."

"Basi kanunue mkubwa, Idd haijafika."