Ukumbi mzima ukanyamaza

Nimetoka kuitazama filamu ya Wakanda Forever na bado koo limenikaba. Tangu Chadwick Boseman, aliyeigiza shujaa Black Panther kwenye filamu ya kwanza, afariki Agosti 2020, akiwa na miaka 43 tu, nilikuwa najiuliza wataendeleaje bila yeye. Basi nembo ya Marvel ilipotokea mwanzoni, imejaa picha zake yeye peke yake, bila muziki wowote, hata minong'ono ilikatika. Dada aliyekaa mbele yangu alivua miwani, akajifuta macho kwa mkono wa sweta, akaivaa tena taratibu.

Baadaye watu walishangilia, hasa Shuri, dada wa shujaa huyo, alipovaa vazi la chui. Namor, mfalme wa watu wa chini ya bahari anayepigana na Wakanda, naye kawagawa mashabiki. Wakati wa kutoka wengine walimtetea kwa nguvu, nami niko upande wao, maana alikuwa analinda watu wake. Wapo waliolalamika kuwa filamu ni ndefu mno. Sawa, inazidi saa mbili na nusu. Lakini Angela Bassett, aliyeigiza malkia, alipopaza sauti pale kwenye kiti cha enzi, kwa uchungu wa familia yake yote kumtoka, sikuona mtu akiangalia saa. Nilimshika mkono mdogo wangu, naye akanibana vidole mpaka tukio likaisha.