Kutetea Michoro Glasgow, Kumweleza Fundi Moshi

Huu ni mwaka wangu wa tatu tangu nitoke Moshi kuja Glasgow, Uskoti, kusomea usanifu majengo. Vijana wa nyumbani wanaojiandaa kuja huku huniuliza kuhusu ada na baridi, ilhali jambo linalowaliza wanafunzi wengi ni siku ya kukabidhi kazi, ambapo unabandika michoro ukutani, unaweka modeli mezani, na walimu pamoja na wasanifu waalikwa wanakuhoji huku wenzako wakisikiliza.

Mwaka wa kwanza nilichora hadi alfajiri ya siku yenyewe, nikachapa karatasi zangu za A1 nikiwa nimeelemewa na usingizi, wala sikugundua kwamba printa ilikuwa imepunguza kila kitu kidogo ili mchoro uenee kwenye karatasi. Mhakiki mmoja aliweka rula ya skeli juu ya mchoro wangu wa 1:50, yaani sentimita 1 ya karatasi ni sentimita 50 za jengo, akapima mlango niliouchora kwa upana wa sentimita 90, akapata 85, kisha akahamia kwenye ngazi. Muda wangu wote uliishia kwenye vipimo, na wazo nililolihangaikia kwa wiki sita halikuguswa. Tangu siku hiyo huchapa karatasi moja mapema na kuupima mlango kabla ya kuchapa nyingine, na ratiba yangu huipanga kuanzia mwisho kurudi nyuma: siku 2 za mwisho ni za kuchapa na kulala, kabla yake ni modeli, kwa sababu mashine ya leza ya kukatia vipande ina foleni na gundi haiharakishwi.

Hata hivyo, maandalizi yaliyonisaidia kuliko yote nayapata kwa simu. Muhula huu ninasanifu banda la kina mama wauza ndizi karibu na Soko la Mbuyuni, na baba yangu mdogo ni fundi mwashi huko Moshi. Nikishamwamkia, humweleza jengo lote kwa maneno matupu, bila picha, kama atakayelijenga kesho. Mara ya kwanza alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Sasa mwanangu, mvua za masika zikishuka, hayo maji yanakwenda wapi?"

Nilikuwa nimechora mapaa mawili yanayoinamiana, yakimwaga maji kwenye gata moja katikati. "Majani ya migomba yakiziba hiyo gata," alisema, "maji yote yatawaangukia kina mama na ndizi zao." Nilifungua mchoro wa mkato, nikaona kwamba gata yenyewe nilikuwa nimeipa sentimita 15. Nilitumia siku tatu kugeuza kenchi ili mabati yamwage maji nje, paa litokeze mita 1.2 kupita nguzo, na maji yapokelewe na mtaro wa wazi unaofagilika kwa urahisi, kwa mfano wa mifongo, ile mifereji ya Wachaga ya kumwagilia mashamba kule juu mlimani Kilimanjaro.

Jambo lingine la kujiandaa nalo ni kwamba wahakiki wa huku hawaijui ardhi yetu, na si kosa lao. Katika mapitio ya katikati ya muhula, mgeni mmoja aliuliza kwa nini upande mrefu ulio wazi sikuuelekeza kusini tu, liliko jua. Hapa Glasgow, adhuhuri ya Desemba, jua huwa nyuzi 11 hivi tu juu ya upeo wa macho, tena daima upande wa kusini, kwa hiyo majengo hulitafuta. Moshi iko takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta: adhuhuri ya Juni jua huegemea kaskazini, ya Desemba huegemea kusini, na kuta zinazoteseka ni za mashariki na magharibi. Nilikuwa nimelichora jua la miji yote miwili katika mchoro mmoja mdogo, kazi ya saa moja tu. Aliutazama kwa muda mrefu, akaomba nimweleze kivuli cha saa tisa alasiri.

Siku ya kukabidhi ni Alhamisi. Modeli imekauka, karatasi 4 kati ya 6 zimeshachapwa, na mlango wa stoo unasomeka sentimita 90 kamili. Kesho saa kumi na mbili asubuhi, wakati Moshi ni saa tatu, nitampigia tena baba mdogo, naye ameahidi kushuka kwenye jukwaa la ujenzi anisikilize kwa dakika kumi.