Nilivyofundisha habari za Liemba kwa katuni

Wanafunzi wangu wa darasa la sita, hapa Ujiji, walikuwa wakiimba miaka: 1915, 1916, 1924, 1927. Ukiwauliza 1916 kulitokea nini, kimya. Na hiyo ni Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika ambayo babu zao wameipanda hadi Kasanga! Iliniuma.

Nikanunua manila na maka peni, nikachora picha sita: vipande vya meli vikitoka Ujerumani, vikishushwa Dar es Salaam, vikija Kigoma kwa treni, hadi Waingereza wanaiopoa ziwani. Kila picha nikaijaza maelezo. Kipindi hicho hakikwenda. Wa nyuma hawakuona kitu, wa mbele wakanakili maelezo neno kwa neno. Kumbe nilikuwa nimewaletea kitabu kilekile, kimebandikwa ukutani tu.

Nikaanza upya ubaoni, picha moja moja, kubwa. Watu wa mistari wanatosha kabisa. Nyusi na mdomo ndivyo vinavyoonyesha hasira au hofu. Juu ya kila kichwa nikachora kiputo cha maneno, nikakiacha kitupu. Wawili wawili wakijaze, maneno yasizidi kumi. Huwezi kumsemea mtu kwa maneno kumi kama hujui anafanya nini na kwa nini.

Darasa lilifunguka tulipofika 1916. Wajerumani walipoona watashindwa katika Vita Kuu ya Kwanza, waliizamisha meli yao wenyewe, lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo grisi nzito. Nilichora fundi na kopo lake. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye tangu Januari hakuwahi kunyoosha kidole, akauliza: "Mwalimu, kama wanaizamisha, grisi ya nini?"

Sikujibu. Binti wa mvuvi akasema kwao injini ya boti hupakwa grisi isishike kutu. Mwingine akambishia: kutu ya nini kwenye meli iliyotupwa? Mabishano yakawaka hadi mwalimu wa darasa la pili akachungulia dirishani. Dakika 40 zikaisha tukiwa kwenye picha hiyo moja, nami sikuona hasara yoyote.

Jioni nikapitia madaftari. Wengi waliandika habari za kutu. Kijana yule alimwandikia fundi neno moja: "Tutarudi."

Kipindi kilichofuata tukafika 1924, Waingereza wakiiopoa. Kwenye kiputo cha ofisa wao kijana yuleyule akaandika: "Grisi yao imetufaa sisi."