Kuurekebisha ukurasa wa kumbukumbu za fayawoli

Katika skuli moja hapa Wete ninakosaidia mambo ya kompyuta, intaneti yote ya maabara na ya chumba cha walimu hupita kwanza kwenye fayawoli (mlinzi wa mtandao anayeruhusu na kuzuia) ya programu huria, iliyowekwa ndani ya kompyuta ya zamani yenye kadi mbili za mtandao. Ni ya ukoo wa pf, kichujio cha pakiti (vipande vidogo vya data vinavyopita mtandaoni) kilichotolewa kwa mara ya kwanza pamoja na mfumo endeshi wa OpenBSD 3.0 mwezi wa Disemba 2001, na ambacho leo ndicho kiini cha mifumo ya fayawoli ya pfSense na OPNsense. Katika kuruhusu na kuzuia, fayawoli hii inafanya kazi yake vizuri. Kilichonishughulisha ni ukurasa wake wa kumbukumbu, yaani orodha ya yaliyoruhusiwa na yaliyozuiwa, kwa sababu ndio ukurasa pekee ambao mwalimu asiye fundi hulazimika kuufungua, tena huufungua wakati mambo yameshakwama.

Anayeufungua huwa na swali moja: mbona fulani hapati? Anataka kujua kama pakiti za huyo fulani zimefika, kama zimezuiwa, na kama zimezuiwa, ni kwa kanuni ipi. Ukurasa tulioukuta ulikuwa ukimwaga mistari tu na kumwachia msomaji kazi yote iliyobaki, nami naamini kwamba kumbukumbu isiyosomeka na mwenye haja nayo haijamfaa kitu, hata ikiwa imehifadhi kila kitu.

Jambo zito kuliko yote lilikuwa utafutaji. Ukurasa ulichukua mistari ya mwisho tu, ukaipeleka kwenye kivinjari, na kuchuja kukafanyika hukohuko. Katika mtandao ambao kila simu na kila printa inajitangaza muda wote, mistari mia chache hupita upesi mno. Kwa hiyo mwalimu aliyetafuta adhuhuri anwani iliyokwama asubuhi alipata jedwali tupu, akaondoka na yakini kwamba fayawoli haikuhusika. Jedwali tupu nalo ni jawabu, na jawabu hilo lilikuwa si kweli. Nimeuhamishia utafutaji kwenye seva yenyewe: programu inasoma faili kuanzia mwisho kurudi nyuma, inaingia katika mafaili ya siku zilizopita ikibidi, na inasimama inapopata mistari ya kutosha au muda wake unapokwisha. Muhimu zaidi, juu ya jedwali sasa pameandikwa utafutaji umefika nyuma hadi saa ngapi, ili asiyepata kitu ajue kama hakipo au hakijafikiwa. Kazi hii imekuwa nyepesi kwa sababu kumbukumbu siku hizi ni maandishi ya kawaida. Hadi pfSense 2.5.0 ilipotoka mwaka 2021, kumbukumbu ziliwekwa kwa mtindo wa faili la duara lenye ukubwa usiobadilika, ambalo mstari mpya huandikwa juu ya ule wa zamani zaidi na wa zamani ukapotea moja kwa moja.

Baada ya hapo nikaingia kwenye kanuni. Kila mstari wa kichujio ni orodha ya sehemu zilizotenganishwa kwa mkato, na sehemu ya kwanza ni namba ya kanuni. Namba hiyo ni nafasi ya kanuni katika orodha iliyokuwa ikitumika wakati pakiti inapita, na mtu akiongeza kanuni moja juu, zote za chini husogea. Ukiusoma leo mstari wa jana kwa kufuata namba, utaelekezwa kwenye kanuni isiyokuwa na hatia. Ndiyo maana sehemu ya nne ya mstari hubeba kitambulisho cha kanuni kisichofuata mpangilio, na hicho ndicho nilichokifunga na jina la kanuni, ili kubonyeza mstari kufungue kanuni yenyewe. Kanuni ikiwa imeshafutwa, ukurasa unasema imefutwa na haubahatishi.

Hapo pia nimetenganisha hali mbili ambazo zamani zilioneshwa kwa alama moja nyekundu. Kuna pakiti iliyozuiwa na kanuni ambayo mtu aliiandika kwa makusudi, na kuna pakiti iliyozuiwa kwa kuwa haikupatikana kanuni ya kuiruhusu. Ya kwanza inataka aulizwe aliyeiandika na kwa nini; ya pili aghalabu inataka kuongezwa ruhusa. Mwalimu anayeiona tofauti hiyo anajua ampigie nani simu.

Halafu kuna kelele. Sehemu kubwa ya yanayozuiwa si mashambulizi: ni kompyuta za Windows zikitangaza majina yao kwa poti (namba za milango ya huduma) 137 na 138, ni simu zikitafuta vifaa jirani kwa anwani 224.0.0.251 poti 5353, au televisheni na nyenziwe zikiita kwa 239.255.255.250 poti 1900. Lakini kelele inayowapotosha watu zaidi ni ile ya TCP, njia ya mawasiliano inayofungua muunganiko kwanza, yenye bendera (alama za hatua ya muunganiko) FA, RA au PA. Fayawoli hii hukumbuka kila muunganiko tangu ulipofunguliwa, na ukishafungwa au ukikaa kimya kupita muda wake huusahau. Simu iliyolala ikaamka, au iliyohama kutoka Wi-Fi kwenda mtandao wa simu na kurudi, hutuma pakiti za kuagana za muunganiko ambao haupo tena, nazo huzuiwa. Mtu huona tovuti anayoijua, poti 443, imezuiwa, akadhani imefungiwa, ilhali aliisoma na kuimaliza zamani. Mistari ya namna hii nimeikusanya katika kundi moja lenye idadi na maelezo ya sentensi moja, na anayetaka kuiona yote hulifungua. Sikuifuta wala nisingeshauri ifutwe, kwa sababu ikizidi ghafla kwa mashine moja huenda pakiti zinatoka kwa njia moja na kurudi kwa nyingine, na hilo ni tatizo la kweli.

Saa ilihitaji uangalifu wake. Mwalimu anasema mtandao ulikatika saa tatu asubuhi. Saa ya kompyuta yake inaonesha 09:00. Na fayawoli iliyoachwa kwenye UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, imeandika 06:00. Ukurasa sasa unaonesha saa za Afrika Mashariki, na kisanduku cha kutafutia kinakubali mtu aandike "saa 3 asubuhi" kama anavyosema. Pia umeme ukikatika na betri ya saa ya mashine imekufa, mashine huwaka ikiwa na tarehe ya miaka ya nyuma mpaka irekebishwe na seva ya saa, kwa hiyo mistari hupangwa kwa kufuata nafasi yake ndani ya faili, na ile yenye tarehe ya kutiliwa shaka hutiwa alama. Anayehifadhi kumbukumbu kwenye RAM, hifadhi ya muda inayotegemea umeme, ili kuinusuru diski ajue kwamba umeme ukikatika ghafla huondoka nazo. Sisi nakala tunaipeleka kwenye mashine nyingine kwa syslog (njia ya kutuma kumbukumbu mtandaoni), poti 514.

Kutafuta majina ya anwani kupitia DNS, huduma inayolinganisha majina na anwani, nimekufanya kwa kubonyeza tu, kwani kuzitafuta zote kwa pamoja kuliufanya ukurasa usifunguke. Na kila neno linalotoka kwenye kumbukumbu husafishwa kabla ya kuoneshwa: jina ambalo simu hujitaja nalo wakati wa kuomba anwani huchaguliwa na mwenye simu, na anaweza kutia ndani yake msimbo ukaendeshwa kwenye kivinjari cha msimamizi.

Kinachobaki ni skrini ya simu, ambayo ndiyo walimu wengi wanayo. Anwani moja ya IPv6, mtindo mpya wa anwani za mtandao, inaweza kufika herufi 39, na ukiweka mbili katika mstari mmoja jedwali hutoka nje ya kioo. Najaribu kuuonesha kila mstari kama kadi ndogo yenye kitendo, kanuni na saa juu, anwani zikiwa chini yake.